Kipilefti Hupigiwa Hodi

Ukimwuliza njia mtu wa Tanga hakawii kukujibu, "Nenda mbele mpaka kipilefti, kisha kunja kulia." Neno hilo tumelizoea hata tumesahau lilikotoka. Limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "shika kushoto", nasi tukayaunganisha yakawa jina la mahali penyewe. Jirani zetu wa Kenya husema raundabauti, na wengine husema mzunguko, lakini sisi twasema kipilefti, na jina letu ni zuri, kwa kuwa kila alitamkaye huwa ameitamka sheria.

Hata hivyo, wasomaji wapenzi, nataka kuonyesha katika ukurasa huu ya kuwa sheria iliyomo katika jina hilo ni nusu tu. Nusu ya kwanza yasema: shika kushoto, uzunguke kama mishale ya saa inavyozunguka. Nusu hiyo madereva wetu wameishika, isipokuwa mwenye bodaboda mmoja mmoja anayetafuta njia ya mkato. Nusu ya pili haimo katika jina. Yasema: mpishe ajaye kutoka kulia kwako, ambaye amekwisha kuingia. Nusu hii ndiyo iliyosahauliwa, na kwa kusahauliwa kwake twapoteza muda, twaharibu magari, na twahatarisha maisha ya watoto waendao shule.

Sisi tunaosoma huku Raskazone twalijua jambo hili vizuri. Shule yetu iko pembeni ya mji, karibu na bahari, na wengi wetu twatoka mbali: Ngamiani, Makorora, Chumbageni, Nguvumali na kwingineko. Wako wanaokuja kwa miguu, wako wanaokuja kwa daladala au bajaji, na wako wengi wanaokuja kwa baisikeli, kwani Tanga ni mji wa baisikeli tangu zamani. Njiani twakutana na malori ya bandarini, magari ya wafanyakazi, bodaboda zisizo na idadi, na magari ya wagonjwa yaendayo Hospitali ya Bombo. Wote hao hufika kwenye kipilefti kwa wakati mmoja wa asubuhi, na kila mmoja ana haraka yake.

Makosa yaonekanayo hapo si mengi, ila yanarudiwa kila siku. La kwanza ni la yule anayekuja mbio, asitazame kulia, akajitupa ndani kwa kutegemea kwamba mwenzake atashika breki. La pili ni la yule anayekwenda juu ya mstari, nusu ya gari safu ya kushoto na nusu safu ya kulia, ili achague baadaye. Wahenga walimjua mtu huyu kabla ya motokaa kufika kwetu, wakasema mpanda farasi wawili hupasuka msamba. Lakini hapa anayepasuka msamba si yeye, ni mwenye baisikeli aliye kando yake. La tatu ni la yule anayeingia kwa safu ya kushoto hali anataka kwenda kulia, akazunguka ukingoni mpaka mwisho, akiwakatia njia wote wanaotaka kutoka. La nne ni la indiketa: ama haiwashwi kabisa, ama imewashwa tangu Pongwe na mwenyewe hana habari. La tano ni kusimama ndani ya mzunguko ili kushusha mtu.

Basi na tuseme jinsi ipasavyo, maana kulaumu bila kufundisha hakujengi. Penye safu mbili, aendaye kushoto ashike safu ya kushoto na kuwasha indiketa ya kushoto. Aendaye moja kwa moja kwa kawaida ashike safu ya kushoto vile vile, ila asiwashe indiketa mpaka apite njia iliyo kabla ya yake, ndipo awashe ya kushoto na kutoka. Aendaye kulia, au atakaye kurudi alikotoka, ashike safu ya kulia na kuwasha indiketa ya kulia tangu mwanzo, kisha akipita njia iliyo kabla ya yake awashe ya kushoto, atazame kioo, atoke. Kama mishale iliyochorwa chini yaagiza vingine, mishale ndiyo ifuatwe. Na ye yote mwenye chombo kidogo asijipenyeze ubavuni mwa lori lenye tela, kwani tela haifuati njia ya kichwa chake. Magurudumu ya nyuma hukata ndani, na dereva aliye juu hamwoni aliye chini.

Lakini mambo hayo yote ni ya ndani. Kabla ya hayo liko jambo moja la mlangoni, nalo ndilo kubwa kuliko yote. Sisi watu wa mwambao tunajua namna ya kuingia nyumba ya mtu. Hatusukumi mlango. Twasimama nje, twapiga hodi, twangoja tuambiwe karibu. Na kama mtu anatoka, twakaa kando apite kwanza. Mtoto wa miaka minne afundishwa hivyo na bibi yake, wala haoni kwamba amedhalilika. Ule mstari uliokatika katika mdomo wa kipilefti, pamoja na kile kibao cha pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, maana yake ni hiyo hiyo: hapa piga hodi. Punguza mwendo, tazama kulia, na kama yumo mtu anayekuja, ngoja. Pakiwa wazi, hapo ndipo umeambiwa karibu.

Huenda mtu akauliza, kwa nini aliye ndani apewe haki kuliko anayeingia? Mbona isiwe kinyume chake? Jibu lake si la adabu tu, ni la hesabu, nalo limepatikana kwa majaribio ya watu waliotutangulia. Njia panda za mviringo zilianza kutumika katika miji ya Marekani na Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Uingereza ilijenga ya kwanza katika mji wa Letchworth karibu na mwaka 1909. Kwa miaka mingi haikuwako sheria moja ya nani ampishe nani. Magari yalipoongezeka, ikaonekana ajabu: mzunguko uliokusudiwa kupunguza msongamano ndio uliokuwa ukiuzaa. Wanaoingia walijaza duara. Waliomo wakashindwa kutoka kwa kuwa mbele yao wameziba walioingia. Nao walioingia wakashindwa kwenda kwa kuwa mbele yao wameziba wale wasioweza kutoka. Kila mtu akamngoja wa mbele yake, na ukiwafuata mmoja mmoja duara zima, utakuta wa mwisho anamngoja yule wa kwanza.

Wataalamu wa Uingereza, miongoni mwao mhandisi Frank Blackmore, walilifanyia kazi jambo hilo, na mwezi wa Novemba 1966 nchi ile ikaweka sheria kwamba aingiaye ampishe aliyekwisha kuingia. Duara likawa halijifungi tena kwa urahisi, kwa sababu aliyemo daima hupata njia ya kutoka, na atokapo huacha nafasi kwa anayengoja. Ufaransa nayo ilibadili sheria yake kwa namna hiyo katika miaka ya 1980, ijapokuwa ule mzunguko mkubwa wa Paris uliozunguka lango la ushindi la Napoleon bado wafuata desturi ya zamani, waliomo huwapisha wanaoingia, na vurugu yake ni mashuhuri duniani. Kwa hiyo yule anayejisukuma ndani ya kipilefti chetu akidhani anawahi, ukweli ni kwamba anaturudisha nyuma ya mwaka 1966.

Wala tusidhani kwamba siri iko katika mkono wa kulia wenyewe. Ndugu zetu wengi wa mwambao wako Oman, na huko magari hushika kulia, mzunguko huenda kinyume cha saa, na mtu humpisha ajaye kutoka kushoto. Ndivyo ilivyo Rwanda na Burundi pia. Dereva wa lori atokaye Tanzania akivuka daraja la Rusumo hubadili upande wa barabara. Mkono wabadilika, lakini maana haibadiliki: aliyemo apite kwanza. Hata baharini, ambako hakuna barabara, iko sheria ya namna hii. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zasema kwamba meli mbili za mashine zikikatana njia, ile imwonayo mwenzake upande wake wa kulia ndiyo impishe. Hizo meli tuzionazo zikiingia na kutoka bandarini kwetu zina uzito wa maelfu ya tani, na manahodha wake ni watu wenye vyeo. Wao hupisha, na mwenye bajaji asema hawezi.

Kipilefti kinachotumiwa vema ni kitu cha thamani kubwa. Wahandisi huhesabu mahali ambapo njia za magari zaweza kukutana na kugongana. Katika njia panda ya kawaida yenye barabara nne mahali hapo ni 32. Katika mzunguko wa safu moja ni 8 tu. Penye safu mbili huongezeka kidogo, na nyongeza hiyo yatokana na hao hao wanaobadili safu. Huko Marekani uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha ya kuwa njia panda zilipogeuzwa kuwa mizunguko, ajali zenye majeruhi zilipungua kwa kadiri ya robo tatu. Sababu kubwa ni mwendo. Katika somo la fizikia twafundishwa kwamba nishati ya kitu kiendacho huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Gari likitoka kilomita 30 kwa saa likafika 60, nishati yake haiwi mara mbili, huwa mara nne. Na nishati hiyo yote yapaswa kuishia mahali fulani, ama katika breki, ama katika mwili wa mtu. Mzunguko umeundwa ili kila mmoja alazimike kupunguza mwendo. Anayeupita mbio huwa ameiondoa faida yake yote, akabakiza kona.

Nani anayeumia? Mwenye gari kubwa hupata mkwaruzo, akashuka, akagomba, akaenda zake. Anayeumia ni mwenda kwa miguu, na mwenye baisikeli, na mama aliyepakiwa nyuma ya bodaboda na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 ya kuwa watu wapatao milioni 1.19 hufa kwa mwaka katika ajali za barabarani, na ya kuwa kwa watu wenye umri wa miaka 5 hadi 29 hakuna kitu kinachoua wengi kuliko ajali hizo. Hebu tuutazame umri huo. Huanzia mtoto wa chekechea na kuishia kwa mwalimu kijana aliyeajiriwa juzi. Wanafunzi wote wa shule hii tumo ndani yake, hakuna hata mmoja aliyeachwa nje.

Najua majibu yatakayotolewa. Wengine watasema mistari imefutika na vibao vimeanguka. Hilo ni kweli mahali pengine, na wenye kazi ya barabara, yaani Halmashauri ya Jiji, TARURA na TANROADS, hatuna budi kuwaomba wapake rangi upya, hasa vivuko vya pundamilia vilivyo karibu na shule na hospitali. Lakini aliye kulia kwako haonekani kwa rangi ya mstari. Aonekana kwa macho. Na kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi kimo katika Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, kiwe kimechorwa chini au hakikuchorwa.

Wengine watasema, "Mimi nina hesabu ya tajiri, jioni nisipoifikisha nanyang'anywa chombo." Neno hili ni zito, wala si la kuchekwa, kwani wengi wetu twalipiwa mahitaji ya shule kwa hesabu za namna hiyo. Lakini kumpisha mtu kwenye kipilefti hugharimu sekunde chache. Pikipiki iliyopinda uma hukaa gereji siku kadhaa, na hesabu ya tajiri haingoji. Atakaye kuifikisha hesabu kila siku ndiye apasaye kupisha kuliko watu wote.

Wako pia watakaosema, "Mwiteni trafiki asimame pale." Askari wa usalama barabarani wana kazi nyingi, nao hawawezi kusimama kila njia panda mchana na usiku. Tena tuwatazame wenzetu. Nairobi mwaka 2015 serikali ya kaunti iliweka mapipa katika mizunguko ya barabara kubwa ili kuzuia magari kukata kulia, na madereva wengi wakanung'unika kwa kulazimishwa kwenda mbali kutafuta mahali pa kugeuka. Ndivyo inavyokuwa: watu wasipoweza kupishana wenyewe, haki yao huchukuliwa na pipa. Tanga bado hatujafika huko. Magari yetu si mengi kama ya Nairobi wala Dar es Salaam, na wakati wa kujifunza desturi njema ni sasa, kabla hayajawa mengi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Sasa niseme na wazazi wetu, kwa heshima zote. Shikamooni. Twajua kwamba mwatuleta shuleni kwa mapenzi, na kwamba asubuhi ni fupi. Lakini mzazi asimamishapo gari ndani ya kipilefti na kumwambia mwanawe, "Shuka upesi," mtoto hujifunza mambo mawili kabla ya kengele ya kwanza: kwamba sheria ni ya watu wengine, na kwamba wanaongoja nyuma si kitu. Mwalimu wa uraia atakuja saa tatu kumfundisha kinyume chake, naye atakuwa amechelewa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Twawaomba mtushushe mbele au nyuma ya kipilefti, penye nafasi. Hizo hatua mia tutazitembea kwa furaha. Na wakati wa kutoka kwenye mzunguko, kumbukeni ya kuwa kivuko cha pundamilia kiko pale pale mdomoni. Mara nyingi dereva huwa anatazama magari tu, naye mwanafunzi amekwisha kuingia barabarani.

Na sisi wanafunzi tusijifanye malaika. Wako miongoni mwetu wanaopakiana watatu katika baisikeli moja, wanaoshika nyuma ya lori ili wavutwe, wanaovuka katikati ya duara juu ya majani kwa sababu ndiyo njia fupi, na wanaopanda usiku bila taa. Mwenye baisikeli ni dereva, na sheria ya kupisha yamhusu sawasawa na mwenye basi. Akiona kipilefti kimejaa na moyo wake una wasiwasi, si aibu kushuka, akaikokota baisikeli mpaka kwenye kivuko, akavuka kama mwenda kwa miguu. Heshima si utumwa, na kushuka si kushindwa.

Kwa ajili hiyo natoa shauri kwa walimu wetu. Kiwanja chetu kina nafasi ya kutosha. Jumamosi moja ya muhula ujao na tuchore kwa chokaa kipilefti kamili, chenye midomo minne, safu mbili na vivuko, kisha kila mwenye baisikeli apite mbele ya wenzake: aingie, apishe, ashike safu yake, aonyeshe kwa mkono anakokwenda, atoke. Wasio na baisikeli wawe wavukaji. Mara ya kwanza tuwaamuru wote waingie bila kupishana, tuone duara litakavyojifunga. Mara ya pili wapishane, tuone tofauti. Naamini zoezi hilo la dakika 20 litafundisha kuliko maneno haya yangu yote. Na kama Mwalimu Mkuu akiridhia, tumwombe askari wa usalama barabarani aje asimamie, na wazazi waalikwe, si kwa kufundishwa na watoto wao, bali kwa kuwatazama. Baada ya miaka michache wengi wetu tutakuwa na leseni mifukoni, na mji utaendeshwa kwa desturi tutakayokuwa tumeichukua hapa.

Muhula wakaribia kwisha, na wengi tutapanda mabasi kwenda makwetu, wengine Pangani, wengine Muheza na Korogwe, wengine kupita Segera kwenda mbali zaidi. Kila basi litakutana na kipilefti kabla ya kuuacha mji. Nawatakia nyote safari njema, na kwa wale watakaoshika usukani wenyewe, wakiwamo baba na mama zetu watakaokuja kutuchukua, nina ombi moja tu: pale mdomoni pigeni hodi, tazameni kulia, na aliyemo apite.